Barua kutoka Omaha: hizo 312 zilitoka wapi

Omaha, Nebraska
17 Desemba 2024

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, ila baridi inanitoa machozi kila asubuhi nikisubiri basi. Jumapili simu ilikatika ukiwa katikati ya swali, na salio langu nalo likawa limekwisha. Uliuliza hivi: redio inasema uchaguzi wa rais wa huku Marekani Trump 312, Harris 226, sasa nchi ya watu zaidi ya milioni 300, hao 538 ni akina nani, na wengine wote walipanga foleni ya nini? Nimeona nikujibu kwa barua, maana ni habari ndefu. Halafu leo ndiyo siku yake hasa.

Leo ndiyo Trump kachaguliwa, Baba. Ile ya Novemba 5, watu walikuwa wanachagua watakaomchagua. Kwenye karatasi ya kura unaona jina la mgombea, lakini ukiliwekea alama unawapitisha wajumbe ambao chama chake kimewapanga katika jimbo hilo. Wajumbe hao wamekutana leo, kila kundi katika makao makuu ya jimbo lake, wakapiga kura na kutia sahihi. Wa kwetu wamekaa Lincoln, kama saa moja kwa gari kutoka hapa, nao ni watano tu. Wanne wamempa Trump, mmoja kampa Harris. Huyo mmoja ni wa Omaha, na nitamrudia.

Kwanza hesabu. Nikisema jimbo usifikirie jimbo la ubunge. La hapa lina gavana wake, bunge lake na sheria zake. Kila jimbo hupata wajumbe kwa idadi ya viti vyake katika Baraza la Wawakilishi, yaani nyumba moja ya Bunge la nchi, ukijumlisha na maseneta wake wawili wa nyumba ya pili. Wawakilishi ni 435, wanagawanywa kwa wingi wa watu. Maseneta ni 100, wawili wawili, jimbo liwe kubwa liwe dogo. Ongeza 3 wa mji wa Washington, waliopewa haki hiyo mwaka 1961. Hizo ndizo 538 zako, na anayefikisha 270 kapita.

Hao maseneta wawili wanapindisha mizani. Wyoming haifiki watu 600,000 na ina wajumbe 3. California ina watu kama milioni 39, ina wajumbe 54. Chukua kalamu ugawanye, wewe ndiye uliyenifundisha: mjumbe wa Wyoming amebeba watu wasiofika 200,000, wa California amebeba zaidi ya 700,000.

Ila kinachonishangaza zaidi ni kingine. Majimbo 48 humpa anayeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. Mwaka huu Trump kapata zaidi ya kura milioni 6 California. Zimemletea wajumbe wangapi? Hata mmoja. Kura za Harris kule Texas nazo zimepotea vivyo hivyo. Ndiyo maana wagombea walikuwa hawabanduki Pennsylvania, ambako haikujulikana nani ataongoza, utadhani wana mgonjwa amelazwa huko.

Yaliyobaki ni Maine na hili letu. Nebraska hutoa kura mbili kwa aliyeongoza jimbo zima, na zile tatu nyingine kila eneo la ubunge linatoa yake. Sehemu kubwa ya Nebraska ni mashamba ya mahindi na ng'ombe, huko Republican, chama cha Trump, hawana mpinzani. Omaha ni mji, na mji una yake: ulimpa Obama mwaka 2008, Trump 2016, Biden 2020.

Basi Agosti hivi nikaanza kuona vibao vyeupe kwenye nyasi mbele ya nyumba za watu. Hakuna jina, hakuna neno, ni doa la buluu tu katikati, na buluu ndiyo rangi ya Democratic, chama cha Harris. Nikadhani ni tangazo la duka la rangi. Nikamuuliza jirani, mzee mstaafu ambaye akiona majani matatu uani keshatoa reki. Akachukua bahasha ya bili, akaandika nyuma yake 225, hizo alizihesabu za Harris bila wasiwasi. Chini yake Pennsylvania 19, Michigan 15, Wisconsin 10. Akajumlisha: 269. Akanitazama, akachora doa, akaandika 1. "Hiyo ni sisi," akasema.

Ingekuwa 269 kwa 269, Baraza la Wawakilishi ndilo lingemchagua rais, na huko kila jimbo lina kura moja, Wyoming sawa na California. Septemba wanasiasa wakajaribu kubadilisha sheria ili Nebraska nayo itoe kura zote kwa mtu mmoja; wakakosa idadi ya kutosha katika bunge la jimbo. Nyumba inayofuata kwa mzee ilikuwa na kibao cha Trump. Hao wawili wanaazimana ngazi kama kawaida.

Bahasha ya mzee haikufaa kitu. Trump alichukua hayo majimbo matatu yote na mengine manne yaliyokuwa na ushindani, na kwa kura za wananchi pia kaongoza, kama milioni 77 kwa 75. Lakini si kila mara inakuwa hivyo. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi kwa kura karibu milioni 3 akashindwa. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi Bush kwa zaidi ya nusu milioni nchi nzima, ila Florida Bush akaongoza kwa kura 537, akazoa wajumbe 25 wa huko, akaingia Ikulu.

Mpango huu waliutunga Philadelphia mwaka 1787. Wengine walitaka Bunge lichague rais, wengine wananchi. Watu wa Kusini wakapiga hesabu: watumwa wao ni wengi na hawapigi kura, kwa hiyo uchaguzi wa moja kwa moja ungewapunja. Kwa njia ya wajumbe, kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu katika kugawa viti vya Wawakilishi, na Virginia, jimbo la Kusini lenye watumwa wengi, ikanenepa. Katika marais watano wa kwanza, wanne walitoka Virginia. Watu hapa hawapendi sana kulizungumza hilo.

Nilimwambia mzee kwamba naona si haki. Akajibu bila utaratibu huu hakuna mgombea angejua Omaha iko wapi. Nikamuuliza kuhusu mji wa magharibi mwa Nebraska alikozaliwa, nani kaenda? Akarudi kwenye reki yake. Mimi mwenyewe sina kura, nina karatasi za ukaazi tu, kwa hiyo nazungumza kama shabiki wa nje ya uwanja.

Imebaki ngwe moja. Januari 6 vyeti vya majimbo yote vitafunguliwa mbele ya Bunge, na kwa sheria anayesimamia ni Makamu wa Rais, naye ni Harris mwenyewe. Maana yake Harris atasimama pale kutangaza kwamba Harris kashindwa. Inaanza saa saba mchana ya Washington, huko kwenu saa tatu usiku. Washa redio mapema, na Mama asilale. Nitapiga wakifika herufi N, ya Nebraska.

Mwanao.