Wiki ya pipi darasa la awali: naomba majibu kabla ya Ijumaa

Wazazi wapendwa, habari za jioni na poleni na majukumu.

Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi tutafundisha kwa pipi. Juzi nilimwekea pipi sita mtoto mmoja ambaye kila siku hukwama kwenye tatu. Alizigusa moja moja kwa kidole hadi ya sita, akaniomba nimwongezee. Ndiyo maana nimeamua darasa zima lijaribu.

Watazipanga kwa rangi, watahesabu hadi 10 na kutoa. Jumatano tutazizungusha pembeni mwa sahani nyeupe, tumimine maji ya uvuguvugu, waone rangi zikitambaa kuelekea katikati. Alhamisi tutaonja muwa, wajue sukari inakotoka.

Naomba:
1. Sh 1,500 kwa kila mtoto, kwa mweka hazina, mwisho Ijumaa saa 12 jioni.
2. Mswaki na kikombe vyenye jina.
3. Wazazi wawili Alhamisi saa 3 asubuhi, waje na visu vya kumenyea miwa.

Pipi za kuhesabia haziliwi kabisa. Zile ngumu za mviringo zinaweza kumkaba mtoto. Watakula kipande kimoja cha kashata laini ya nazi, kisha wote wapige mswaki. Mwenye mtoto mwenye mzio wa chakula chochote, au asiyeruhusiwa sukari, tafadhali anipigie leo, nimwandalie tunda.

Ukikubali, andika hapa jina la mtoto na NDIYO. Anayeweza kuja Alhamisi aongeze NITAKUJA.

Asanteni sana,
Mwalimu wa darasa