Watoto hawapelekwi makumbusho kunakili vibao

Ndugu Mhariri,

Ni miaka mingi sijawaandikia, na ningeendelea kukaa kimya kama si ile habari yenu ya wanafunzi waliopelekwa makumbusho kujifunza asili ya binadamu. Kwenye picha watoto wamepanga mstari, kila mmoja na daftari lake, wanaandika, na mwandishi wenu anasifu utulivu wao. Mimi picha ile imeniudhi. Najua walichokuwa wanaandika: maneno ya kwenye kibao, yote kama yalivyo, na wakifika nyumbani ukiwauliza hawana la kukueleza.

Mwaka jana nilikwenda kama mzazi msindikizaji na darasa la sita la shule anayosoma mwanangu hapa Arusha. Jina la shule naliacha. Mwongozaji, kijana mpole, aliwasimamisha watoto mbele ya nakala ya fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, akawaambia kwamba Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, ndiye aliyeliona kule Korongo la Oldupai tarehe 17 Julai 1959, na kwamba lina miaka milioni 1.75. Binti mmoja mdogo, sweta limemfunika mpaka vidole, akanyoosha mkono. "Anko, hiyo miaka nani alihesabu?" Yule kijana uso ulimchangamka, akavuta pumzi aanze kujibu. Mwalimu akamkatisha: "Hilo halitoki kwenye mtihani. Andikeni, muda hatuna." Muda hatukuwa nao kwa sababu ratiba ilikuwa na bwawa la kuogelea na chipsi kuku, na huko bwawani tulikaa mpaka jua linazama. Binti yule hakuuliza tena kitu siku nzima.

Mhariri, jibu lipo, na kama kuna watoto duniani wanaoweza kulielewa ni hawa wetu. Wanaamka kila siku wakiutazama Mlima Meru, ambao ni volkano. Wazazi wao wanakumbuka Oldoinyo Lengai ilivyotema majivu mwaka 2007. Ni kuwaambia tu kwamba ndani ya majivu ya volkano kuna potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka polepole sana kuwa gesi ya agoni inayonaswa ndani ya chembe za mawe. Ukipima gesi hiyo imefika kiasi gani ukilinganisha na potasiamu iliyopo, unajua majivu yalianguka lini, na kwa hiyo unajua umri wa kilichofukiwa kwenye tabaka hilo. Vipimo hivyo vya majivu ya Oldupai vilitangazwa mwaka 1961. Kabla ya hapo Louis Leakey mwenyewe, mume wa Mary na mtafiti mwenzake, alikuwa anakisia fuvu lina miaka laki sita hivi. Mtoto akisikia kwamba bingwa alikisia, kisha kipimo kikaonyesha miaka karibu mara tatu ya hiyo, hapo ndipo anapoelewa elimu hii inafanywaje. Na zile nyayo za kale za Laetoli, kusini ya Oldupai, zilizofukuliwa mwaka 1978, za miaka milioni 3.6, zilibaki kwa sababu kuna viumbe wa jamii ya binadamu walipita juu ya majivu yaliyolowa mvua, yakakauka yakawa magumu. Baadaye zilifukiwa tena ili zisiharibike. Sasa kama mwalimu hazileti darasani kwa maelezo na vipimo, mtoto atazionea wapi? Halafu tunashangaa wageni wanatoka Ulaya kuja kuona korongo letu, na mtoto wa Kisongo anayeyaona magari yao yakipita kila asubuhi hajui yanakwenda kuona nini.

Na hii tuisheni ya Jumamosi nayo! Tunalipishwa ili watoto wakariri Zama za Mawe za Kale, za Kati na Mpya, wakati hakuna hata mmoja aliyewahi kugonga jiwe kwa jiwe akaona kipande chenye makali kikibanduka.

Ninachotaka ni hiki. Kila shule itengeneze sanduku la mbao, urefu mita moja, upana mita moja, kina cha goti. Chini uwekwe udongo mwekundu wenye vipande vya chungu kilichovunjika na mifupa ya mbuzi kutoka buchani. Juu yake tabaka la majivu ya jikoni. Juu ya majivu mchanga wa mto, na ndani yake vizibo vya soda. Watoto wagawe miraba kwa uzi, wafukue kwa brashi ya rangi na kijiko, na asiruhusiwe mtu kuinua kitu kabla hajakichora mahali kilipo. Wakiulizwa kipi cha zamani zaidi, chungu au kizibo, watajibu wenyewe bila daftari. Uwanjani wapime mita 27, ndio urefu wa njia ya nyayo za Laetoli, waitembee. Hayo yakishafanyika, ndipo kosta ikodiwe.

Tena siku ya makumbusho iwe ya makumbusho. Bwawa litafutiwe siku yake, na kila mtoto aende na swali moja aliloliandika mwenyewe, na mwongozaji aachiwe muda wa kuyajibu yote.

Mama wa darasa la sita,
Moshono, Arusha