Sikukuu ya mbwa: someni kabla ya siku ya posho

Jambo mama na papa, jambo bandugu wote. Tunaanza saa moja asubuhi, saa nne tunafunga. Ni mapema, ndiyo, lakini jua la Oktoba hapa Lubumbashi si la kuchezea, na mbwa hatoi jasho kama sisi; anapoa kwa kuhema. Weka mgongo wa mkono juu ya lami: ukishindwa kuvumilia sekunde 7, nyayo zake zitaungua.

Mlangoni tunaangalia kitabu cha chanjo. Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa iwe imetimiza siku 30. Aliyechanjwa juzi bado hana kinga, abaki nyumbani. Jike aliye kwenye joto pia abaki, maana madume watapigana na kazi ya kuwatenganisha hatuitaki. Kamba mita 1.5, si zaidi. Kifunga mdomo kiwe cha aina ya kikapu. Kile cha kitambaa kinachobana kinamzuia kuhema.

Kila mbwa na bakuli lake, kwa sababu maji ya pamoja yanasambaza kikohozi. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana kabisa.

Mtu akiumwa na mbwa: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku ileile, hata kama mbwa ana kitabu.

Kiingilio ni faranka 5,000 kwa mbwa. Tiketi zina namba, sanduku linakaa na watu wawili, makuta yanahesabiwa mbele ya wote. Yote yanaenda kwenye makao ya mbwa, kwa chanjo na kuhasi.

Mwenye turubai za kivuli aandike hapa kabla ya siku ya nne jioni.