Mhariri, milipuko ya miale ya gamma mmeiandikia upande mmoja tu

Mhariri salamu. Mimi nafundisha tuisheni ya fizikia huku Mbagala. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja kaja na ukurasa wa gazeti lenu ameukunja ndani ya daftari, kichwa cha habari kinasema milipuko ya miale ya gamma (mwanga wenye nguvu kubwa sana usioonekana kwa macho) kutoka anga za mbali inaweza kuimaliza dunia, akaniuliza ticha kwani hii kitu ikija tunajificha wapi? Darasa zima likanyamaza, wananiangalia mimi. Kiukweli iliniuma, maana mmetupa nyama mkachukua mfupa.

Kwanza tuwatoe watoto hofu. Mlipuko mmoja wa mwaka 1998, ambao ni kati ya ile ya karibu kabisa, ulitokea umbali wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 100 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), na mingi iko mbali kuliko hapo mara nyingi sana. Setilaiti za Vela za Marekani ndo zilianza kuidaka 1967, zilikuwa zinavizia majaribio ya siri ya nyuklia. Ile mirefu, ya zaidi ya sekunde 2, mara nyingi ni nyota kubwa sana inakufa, kiini chake kinaporomoka, halafu unabaki mwanga unaofifia kwa masaa au siku, na huo mwanga wa mwisho ndo mali yenyewe.

Kwa nini? Nyota zinazaliwa kwenye gesi baridi iliyochanganyika na vumbi, kwenye galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota tulimo sisi, mawingu hayo yanafika nyuzi 250 hivi chini ya sifuri, sasa kitu cha baridi hivyo kwenye galaksi ya mbali utakionaje? Unahitaji taa nyuma yake, na ule mwanga wa mlipuko ndo taa yenyewe. Jioni ile ile niliwatoa madogo nje, kuna mama pale jirani anapikia kuni mbichi, giza limeingia, moshi umetanda barabarani na wala huuoni vizuri, mara bodaboda ikatokea upande wa pili taa ikatupiga usoni, mwanga mweupe kabisa ila ulivyopita kwenye ule moshi ukawa wa chungwa. Nikawaambia hapo hapo, vumbi la galaksi linafanya hivyo hivyo, linakula zaidi rangi ya bluu linaachia nyekundu, ukipima rangi ilivyobadilika unajua vumbi ni zito kiasi gani.

Gesi nayo ina alama zake. Ukiupasua ule mwanga kama upinde wa mvua unakuta mistari myeusi, kama ile ya kwenye pakiti ya biskuti wanayopitisha kwenye mashine supamaketi, na kila elementi ina mistari yake. Hapa ndo panaponifurahisha zaidi: zinki hainasi sana kwenye vumbi lakini chuma kinanasa, kwa hiyo ukikuta kwenye gesi zinki ipo ya kutosha na chuma kimepungua unajua kile kilichopotea kimegeuka vumbi. Yaani unapima kitu kwa kile kisichoonekana! Kwenye mlipuko wa tarehe 7 Juni 2008, darubini ya Keck kule Hawaii iliona molekuli za haidrojeni na kaboni monoksaidi ndani ya galaksi ambayo mwanga wake umesafiri miaka zaidi ya bilioni 11.

Ila lazima uwahi. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa 2004, ikidaka mlipuko inajigeuza yenyewe ndani ya dakika moja au mbili na kutuma taarifa chini, watu wa darubini kubwa kama zile za Chile wanaacha walichokuwa wanafanya. Na bado kuna shida, vumbi likizidi linameza mwanga wote, kwa hiyo galaksi zenye vumbi jingi tunazozitaka sana ndo zinatuponyoka kirahisi, mpaka utumie vyombo vya infraredi, ule mwanga ulio nje ya nyekundu ambao macho hayauoni ila unapenya vumbi vizuri zaidi.

Mhariri, naomba hii nayo muiandike, ukurasa ule ule na herufi kubwa zile zile. Yule kijana ameshaibandika habari yenu ya kwanza kwenye daftari kwa gundi, nimemwambia ukurasa wa pembeni auache wazi kwanza.

Mwalimu wa tuisheni, Mbagala, Dar es Salaam