Jumamosi tunafunga antena ya mita 40

Habari za jioni wanachama wa klabu yetu ya redio ya ridhaa,

Jumamosi tukutane uwanjani saa tatu kamili asubuhi. Kazi kubwa ni moja: kufunga antena ya waya ya bendi ya mita 40 (hizo mita 40 ni urefu wa wimbi la redio, si wa waya). Tutakata vipande viwili vya waya, kila kimoja kama mita 10 na ushee, katikati tuunge kebo, kisha tuipandishe kwenye mlingoti. Tafadhali msikate waya nyumbani. Tunaanza na mrefu, tunapima, ndipo tunapunguza kidogo kidogo, ukishakata umekata.

Nimechagua bendi hii kwa sababu mchana hutufikisha mikoa ya jirani, na usiku mawimbi huenda mbali zaidi. Simu zikizimika wakati wa mafuriko, hiyo ndiyo njia tutakayoitegemea, kwa hiyo napenda kila mmoja wetu aweze kuifunga mwenyewe, hata gizani.

Kwenye daftari la mawasiliano tuandike saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Saa tatu asubuhi inaandikwa 06:00. Wengi tulichanganya hapo mara iliyopita.

Ambao bado hamna leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), njooni msikilize na mjifunze. Kurusha mawimbi hewani tuwaachie wenye alama za wito (utambulisho wa kituo hewani) za Tanzania, zinazoanza na 5H.

Anayeweza kuja na betri ya gari iliyojaa chaji aniambie kabla ya Ijumaa. Kamba na koleo ninazo.