Mguu wa nyuma wa farasi wako: anza na ukwato, usianze na dawa

Ndugu yangu,

Salamu nyingi, wewe na wote walio nawe. Barua yako nimeipata. Farasi wa miaka miwili, anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto kwa wiki ya tatu sasa, hana kidonda, hana uvimbe unaouona, siku nyingine anakwenda vizuri kabisa kisha kesho yake anarudia. Na kila anayemtazama anakuambia umpumzishe tu, ni mtoto, itaisha anapokua.

Una haki ya kuhangaika. Kupumzika kunaweza kumponya na kunaweza kumzidishia, kutegemea kinachouma ni nini. Yapo magonjwa mawili yanayowapata sana farasi wa umri huu ambayo matibabu yake yanapingana kabisa, nitayafikia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza anaumwa nini, tutafute anaumwa wapi.

Kwanza kuna mambo ambayo hayasubiri barua wala ushauri wa mtu. Daktari wa mifugo aje siku hiyohiyo ukiona farasi hataki kabisa kukanyagia mguu, au kiungo kimevimba na kina moto, au kuna tundu la jeraha karibu na kiungo hata kama ni dogo kama punje ya mtama, au mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa, au anayumba sehemu ya nyuma kama mlevi. Pima na joto kila asubuhi kabla hajatoka, kipimajoto kikae kwenye njia ya haja kubwa hadi kitulie. Kawaida ni kati ya nyuzi 37.2 na 38.3. Ikipita 38.5 pamoja na kuchechemea, fikiria usaha mahali fulani, na kama uko ndani ya kiungo, gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, huharibika kwa muda wa saa na siku, si wiki.

Kama hayo yote hayapo, shika ukwato. Najua umesema ukwato unaonekana mzima, lakini jipu la ndani ya ukwato halionekani kwa nje mpaka linapopasuka, nalo ndilo sababu ya kawaida kuliko zote ya farasi kuchechemea ghafla. Safisha wayo mpaka uone rangi yake halisi, tafuta doa jeusi, ufa, kijiwe kilichojificha kwenye mifereji ya pembeni. Kisha weka vidole viwili nyuma ya kifundo cha chini, kile kiungo kilicho juu kidogo ya ukwato, pande zote mbili, utafute mapigo ya mshipa. Kwa farasi mzima mapigo hayo ni hafifu, unayatafuta kwa subira. Yakiwa yanagonga kwa nguvu mguu wa kushoto na wa kulia hayasikiki, huenda sana tatizo liko ndani ya ukwato. Mwite fundi wa kwato aje na koleo la kubinyia, abinye kidogokidogo kuzunguka wayo wote, na afanye hivyohivyo kwa mguu usiouma ili mlinganishe. Kama amevalishwa viatu vya chuma karibuni, kila msumari ugongwe polepole. Msumari uliopita karibu mno na nyama humfanya achechemee siku mbili tatu baada ya kuvishwa, na ukitolewa hupata nafuu.

Jipu likipatikana, tundu la kulitoa usaha liwe dogo. Watu huchimba shimo kubwa kwa nia njema, nyama ya ndani ikatokeza nje, na kidonda cha siku tano kikawa cha wiki sita. Loweka ukwato kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi ya magnesi, dakika 15 hadi 20, kisha funga kwa bandeji safi isiyopitisha uchafu na ubadilishe kila siku. Hakikisha chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati, maana farasi ni mwepesi mno kushikwa na ugonjwa huo. Na ukikuta msumari umechoma wayo na bado umo ndani, usiung'oe ikiwa daktari anaweza kufika upesi. Funga kitu kinene kuuzunguka usizame zaidi, ili eksrei ionyeshe umefika wapi. Ukishang'olewa, njia yake hujifunga na hutajua tena kama uligusa kiungo.

Ukwato ukiwa mzima, tunapanda juu. Hapa nakuomba kazi moja, nayo ni video. Tafuta ardhi ngumu na tambarare, urefu wa mita 30 hivi. Bandika kipande cha plasta nyeupe kwenye ncha ya kila nyonga, kushoto na kulia, mahali palepale pande zote mbili. Mtu amwongoze kwa kamba iliyolegea, maana kamba ikikazwa kichwa hakisemi ukweli. Rekodi kutoka nyuma, simu ikiwa usawa wa nyonga, kwanza akitembea, kisha akienda mchakamchaka, kwenda na kurudi mara tatu. Halafu rekodi kutoka ubavuni. Itazame kwa mwendo wa polepole. Ile plasta inayopanda na kushuka zaidi ndiyo ya mguu unaouma. Kwa ubavuni tazama kama ncha ya ukwato inaburuzika, kama hatua ya mguu huo ni fupi kwa mbele, na kama kifundo cha chini kinashuka kidogo kuliko mwenzake, kwa sababu anaogopa kuuachia uzito.

Jihadhari na kichwa. Mguu wa nyuma wa kushoto ukiuma sana, kwenye mchakamchaka farasi huinamisha kichwa pale unapokanyaga, ili uzito uende mbele. Na kwa kuwa mguu wa mbele wa kulia hukanyaga wakati uleule, utadhani anachechemea mguu wa mbele wa kushoto. Wengi wametibu mguu wa mbele usio na tatizo kwa kosa hili.

Sasa yale magonjwa mawili. La kwanza ni kukwama kwa pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti. Goti la nyuma la farasi ni kile kiungo cha juu, karibu na tumbo. Pia yake imeshikwa na kano tatu, na ile ya upande wa ndani ina uwezo wa kujinasa juu ya ukingo wa mfupa wa paja. Ndiyo maana farasi anaweza kusinzia amesimama bila kuchoka. Kwa farasi mchanga mwenye misuli dhaifu ya paja, au mwenye miguu ya nyuma iliyonyooka sana, kano hiyo huchelewa kuachia. Ikikwama kabisa, mguu hubaki umenyooka nyuma na ncha ya ukwato inaburuzika; mrudishe kinyumenyume hatua chache, mara nyingi utafunguka. Ikikwama nusu, utaona tu mguu unashtuka hatua za kwanza anapotoka bandani, anapogeuka, au anaposhuka mteremko, halafu unakuwa sawa. Maelezo yako ya siku njema na siku mbaya yanafanana na hili. Na hapa kumfungia bandani ni kumzidishia, kwa sababu misuli hupungua zaidi. Anahitaji chakula cha kutosha na kazi: kutembezwa na mchakamchaka kwa mstari ulionyooka, kupanda miinuko midogo, dakika 10 hadi 15, siku tano kwa wiki, ukiongeza polepole. Usimzungushe kwenye duara dogo. Fundi asawazishe kwato na kuifupisha ncha iliyorefuka. Kuna upasuaji wa kuikata kano hiyo, lakini mimi nauweka mwisho kabisa, tena kwa mapumziko ya miezi isiyopungua miwili baada yake, la sivyo pia yenyewe huweza kumeguka.

La pili ni ufa wa uchovu kwenye mfupa, hasa mfupa wa chini ya goti au wa nyonga, kwa farasi aliyeanza kufundishwa kwenda shoti. Anachechemea baada ya kazi, anapumzika siku mbili tatu anaonekana amepona, anarudi kazini anachechemea tena. Unaona inavyofanana na siku njema na siku mbaya? Lakini huyu ukimpandisha miinuko, ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili, na ule wa nyonga mfupa uliohama unaweza kukata mshipa mkubwa wa damu akafa papo hapo. Eksrei ya kwanza inaweza isionyeshe kitu. Hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, mfupa unapoanza kujijenga, au hutumika altrasaundi kwa nyonga, au kipimo cha mionzi kinachoonyesha mahali mfupa unapochemka. Kwa hiyo mpaka daktari auondoe uwezekano huu, mwache mahali padogo na atembezwe kwa kamba tu. Asipandwe, asikimbizwe; hata ule mchakamchaka wa video ungoje daktari. Ikiwa kumbe ni pia ya goti, wiki mbili za kungoja hazitamharibu kiasi cha kushindwa kurekebishwa. Kosa la upande wa pili halirekebishiki.

Jambo la tatu kwa umri wake ni gegedu lililoshindwa kugeuka mfupa vizuri, likaacha kipande kinachoning'inia ndani ya kiungo. Hutokea kwenye goti la nyuma na kwenye kisigino, ninamaanisha kile kiungo kinachochongoka nyuma katikati ya mguu. Bonyeza mbele ya kisigino, upande wa ndani, kisha mbele ya goti kati ya zile kano. Ukihisi maji yanahama chini ya kidole, mwambie daktari. Kuchechemea kwake huwa kidogo, wakati mwingine hakuna, ila ukakamavu. Ombeni eksrei ya miguu yote miwili, hata kama mmoja tu ndio unaouma, kwa kuwa mara nyingi huwa pande zote. Vidonda hivi vya kisigino vinaweza kujifuta mpaka mtoto wa farasi anapofika miezi mitano hivi, vya goti mpaka miezi minane. Wako ana miaka miwili, hivyo ugonjwa ukikutwa, usingoje akue ndipo uishe. Kipande hutolewa kwa kamera ndogo inayoingizwa kwenye kiungo, na mapema ni bora, kabla hakijakwaruza gegedu zima.

Mengine nayataja kwa ufupi. Kama alihasiwa karibuni, kagua kinena. Uvimbe wa pale humfanya atembee kama mguu unauma. Misuli ya matako ikiwa migumu na anatoka jasho baada ya kazi nyepesi, damu ipimwe vimeng'enya vya misuli. Na uti wa mgongo shingoni: mtembeze, uvute mkia pembeni taratibu huku mwenzako akimwongoza. Mzima hukaza na kujirudisha, mwenye tatizo la neva huvutika kirahisi. Mzungushe duara dogo uone kama mguu wa nje unatupwa mbali. Anayeumwa mguu hukosea kwa namna ileile kila hatua, mwenye neva kila hatua inakuja na kosa lake. Huyo asipandwe na mtu yeyote.

Daktari akija atakunja mguu kwa dakika moja hivi kisha amkimbize. Usishangae akisema hawezi kutenganisha goti na kisigino, viungo hivyo vya farasi hujikunja pamoja. Kitakachofuata ni kuchoma ganzi, kuanzia chini kwenda juu, akingoja kama dakika 10 kila mara. Lakini akishuku ufa kwenye mfupa hatachoma, ili asimpe farasi ujasiri wa kuukanyagia.

Ndiyo maana nakusihi usimpe fenilibutazoni wala dawa nyingine ya maumivu siku mbili tatu kabla ya uchunguzi, isipokuwa daktari amesema. Inaficha kile tunachotafuta, na kwa farasi mchanga dozi ikizidi huchoma tumbo, utumbo na figo. Usichanganye dawa mbili za aina hiyo kamwe.

Wakati huu punguza nafaka, maana hafanyi kazi. Nyasi kavu nzuri, asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Akiwa na kilo 350 ni kama kilo 5 na robo hadi 7. Pumba usimzidishie, ina fosforasi nyingi inayovuruga kalsiamu ya mifupa inayokua.

Kesho asubuhi nitumie joto lake na niambie mapigo ya nyuma ya kifundo umeyasikiaje, kushoto na kulia. Video ifuate ukipata mtu wa kukushikia kamba.

Rafiki yako