Kwa vijana wa kwaya mliomcheka mwenzenu

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nimesubiri wiki nzima hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Jumapili iliyopita, kipindi cha ushuhuda, mwenzenu alisimama akaanza kueleza jinsi mtaji wake wa dagaa ulivyokatika. Hakufika mbali. Mwongoza ibada akamkatiza, "Hapa tunashuhudia ushindi, kaka," mpiga kinanda akadaka pambio, na ninyi mkaangua kicheko huku mkipiga makofi. Tulipotoka nje nikasikia ameshapangiwa maombi ya kuvunja laana ya ukoo.

Laana ipi? Nilimfuata Igombe, kule ufukweni mwa ziwa, jioni ile ile, nikamwuliza mambo ya kawaida kabisa. Alinunua dagaa wabichi kwa fedha ya kikoba, akajazia na mkopo wa kausha damu, ile ya riba ya kunyonya. Akawaanika mchangani, mwezi wa nne, masika yenyewe, bila chanja ya kuwainua juu ya mchanga wala turubai. Mvua ikapiga usiku, ikapiga na kesho yake. Dagaa wakabadilika rangi, wakaanza kunuka, wakaishia kwa mnunuzi wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mama yeyote anayeanika dagaa pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, angewaeleza kilichotokea bila kumtaja marehemu wa mtu.

Sasa mkishamwaminisha kwamba aliyemfilisi ni babu yake, masika ijayo ataanika wapi? Pale pale mchangani! Maombi kafanyiwa, chanja hana.

Sikatai maombi, msije mkanizushia. Ila wanafunzi walipomwona yule kipofu waliuliza swali kama lenu, nani ametenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, na Yesu akawajibu kwamba si huyu wala wazazi wake. Yohana 9. Swali lilishafungwa, ninyi mnalifungua kila Jumapili.

Halafu ipo Luka 5, ambayo nyie watoto wa ziwani mngepaswa kuielewa kuliko mwanatheolojia yeyote. Mnajua usiku wa giza taa zimewashwa, mafuta ya injini yameungua, na alfajiri mtumbwi unarudi mtupu na wenye fedha zao wanasubiri ufukweni. Petro yupo hapo. Yesu anamkuta anafanya nini? Someni mstari wa 2: wanaosha nyavu. Usiku wote hawakupata hata samaki mmoja, lakini nyavu zinaoshwa, uchafu unatolewa, maana kuna kesho. Hakuna aliyekwenda kutafuta mchawi. Na alipoambiwa atweke mpaka kilindini hakujikausha akasema mambo ni moto, Mungu ni mwema. Alisema, "Tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu."

Angekuwa kanisani kwetu angekatizwa kwenye "tusipate kitu", kinanda kingelia, na hiyo "lakini" tusingeisikia mpaka leo.

Nisiwaonee, mmejifunza kwetu. Ni sisi wazazi tunaoweka matokeo ya mtoto mwenye divisheni wani kwenye status, na mwenye ziro tunamhamishia kwa mjomba wake Sengerema ili wageni wasiulize. Wapo wahubiri wanaomuuzia mafuta ya upako muuza mchicha aliyezidiwa na madeni, wakati alichohitaji ni mtu wa kukaa naye na daftari. Na mradi wa kijiji ukikwama, mikutano yote inaisha bila mtu kusema tulikosea wapi.

Mengine nayasema kwa haraka. Anayekudai, pokea simu yake. Usibeti ili kurudisha kilichopotea. Usioe ili watu waache kukusema. Luka 14:28 isome kabla ya kukopa. Marko aliwaacha akina Paulo huko Pamfilia, safari ikiwa bado mbichi, na bado Paulo huyo huyo alikuja kuandika aletwe, "maana anifaa kwa utumishi."

Nawe mwanangu uliyenyamazishwa, hukukosea kusimama. Petro alikuwa hajamkana Bwana bado, alipoambiwa kwamba akishaongoka awaimarishe ndugu zake. Kazi hiyo alipewa yeye, aliyejulikana kabisa kwamba ataanguka. Mdogo wako anayetaka kuanza biashara hiyo hiyo atajifunza kwako kuliko kwangu.

Jumamosi saa mbili asubuhi, wote mliocheka nawataka Igombe. Tunajenga chanja. Miti nimeshapata, nyavu chakavu za kutandaza juu mtazibeba kutoka mwaloni. Mpiga kinanda, wewe njoo na nyundo na misumari ya inchi tatu. Jumapili mwenzenu atamalizia ushuhuda wake, na kinanda kitazimwa mpaka aseme amina mwenyewe.

Ni mimi, mzee wenu wa kanisa.